Amarilisi ya kipupwe: boksi, nta au tunguu tupu?

Kila kipupwe kinapokaribia, amarilisi, ua linaloota kutoka kwenye tunguu, huingia sokoni kwa sura tatu: ndani ya boksi lenye chungu na udongo wake, ikiwa imechovywa kwenye nta ya rangi, au tunguu tupu lenye lebo tu. Zote tatu zinaweza kuchanua sebuleni wakati miti ya nje haina hata jani. Ila hazilingani, na tofauti zake huzioni kwenye picha ya ua iliyochapishwa juu, kwa kuwa picha ni ileile kwa zote. Hukumu yetu tuitoe mapema: mwenye nafasi ya kuchagua achukue tunguu tupu la sentimita 32 kwenda juu. Boksi linafaa, ukiwa tayari kuachana na nusu ya vilivyomo. La nta ni sawa na ua la kukatwa. Ukilichukua ukijua hivyo, halitakuudhi.

Kuhusu jina: kinachouzwa kama amarilisi ni Hippeastrum, mmea wa Amerika Kusini. Amaryllis belladonna yenyewe hutoka Afrika Kusini na hukaa bustanini. Wataalamu wa mimea walimaliza ubishi huo mwaka 1987. Wauzaji wakaendelea na jina walilolizoea. Kwa mkulima wa dirishani, la msingi ni kutochanganya maelekezo ya mmea mmoja na mwingine.

Sentimita kwanza, rangi baadaye

Namba kama 26/28 au 34/36 kwenye lebo ni mzingo wa tunguu kwa sentimita, unaopimwa kwenye tumbo lake kwa futi ileile ya fundi nguo. Kwenye lebo hakuna habari muhimu kuizidi. Ua la msimu huu liliumbwa ndani ya tunguu kabla wewe hujalinunua. Hippeastrum hutengeneza majani manne, kisha tumba moja, kisha majani mengine manne na tumba jingine, na misingi ya majani hayo ndiyo magamba unayoyaona ukilipasua tunguu katikati. Kwa hiyo tunguu kubwa limebeba mafungu mengi zaidi. La 24/26 hutoa bua moja. La 28/30 hutoa moja, mara nyingi mawili. La 34/36 hutoa mawili, na likiwa limelishwa vizuri, matatu. Kila bua kwa kawaida lina maua manne.

Ukubwa una faida nyingine ambayo wauzaji hawaitaji: bua la tunguu kubwa ni nene, hivyo husimama. Wengi wanaolalamika kwamba amarilisi yao ilianguka walianza na tunguu dogo kwenye chungu chepesi.

Lebo nzuri hutaja pia aina. 'Red Lion' ni nyekundu tupu, ndefu, na haina makuu. 'Apple Blossom' ni nyeupe iliyopakwa waridi. 'Dancing Queen' ina petali nyingi zenye michirizi, inapendeza, lakini kichwa chake ni kizito na karibu kila mara inahitaji kijiti. Lebo inayosema "nyekundu" bila jina la aina na bila namba inakueleza kwamba muuzaji hakutaka kujifunga.

Kama tunguu liko wazi, lichukue mkononi. Linatakiwa kuwa zito kuliko macho yalivyotarajia. Libonyeze kwa kidole gumba kwenye mabega, pale mwili unapoanza kukaza kuelekea shingoni, likibonyea, lirudishe. Ligeuze uone kitako. Kitako kizima ni kigumu na kikavu, na mizizi iliyobaki ni minene, yenye rangi ya maziwa. Mizizi ya kahawia iliyobaki maganda matupu imekufa. Tunguu la namna hiyo bado litachanua kwa akiba yake, ila litachelewa kushika udongo na litayumba. Ganda la nje, la kahawia na kavu kama karatasi, halina neno hata likichanika. Ukungu wa kijani-buluu juu ya ganda hilo unafutwa kwa kitambaa kikavu na habari imeisha, mradi nyama iliyo chini ni ngumu. Harufu ya uozo shingoni haina mjadala.

Ndani ya boksi

Ukinunua boksi lililofungwa umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Chagua lenye kidirisha. Ukiona chipukizi jeupe limekunjamana chini ya mfuniko, tunguu limeanza safari gizani. Haliko hatarini: lipande, liweke kwenye mwanga wa wastani siku tatu nne kabla ya kulisogeza dirishani, na bua litageuka kijani. Ule mkunjo lakini hubaki kwa sehemu, na ukizidi nusu duara bua linaweza kuvunjika lenyewe likirefuka. Hilo liache dukani.

Vilivyomo kwa kawaida ni vinne: tunguu, chungu cha plastiki, kidonge cha makumbi ya nazi yaliyoshindiliwa, na karatasi ya maelekezo. Tunguu tumeshalizungumza.

Makumbi si mabaya, ila maelekezo yake ndiyo yanayoozesha. Karatasi nyingi husema weka kidonge ndani ya chungu, mimina maji, pandikiza. Ukifanya hivyo maji yote yanabaki chunguni, kitako cha tunguu kinakaa kwenye uji, na makumbi yanayoendelea kuvimba yanalisukuma tunguu juu upande mmoja. Loweka kidonge pembeni, kwenye ndoo ndogo, kwa nusu lita ya maji vuguvugu. Subiri dakika 20, kichambue kwa vidole hadi pasibaki bonge, kisha shika konzi moja uikamue. Yakitoka matone mawili matatu, yako tayari. Yakitiririka, yatandaze kwenye gazeti hadi kesho. Changanya na perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mawe ya volkano) au mchanga mkavu wa chembe kubwa, sehemu moja kwa mbili za makumbi. Kumbuka makumbi yana chakula kidogo mno: kwa kuchanua msimu huu hilo si tatizo, kwa msimu ujao ni tatizo kubwa.

Chungu ndicho kipande kibovu kuliko vyote. Mara nyingi hakina tundu chini. Wapo wanaoshauri kuweka kokoto ili "maji yapate pa kukaa". Haisaidii. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Hujikusanya juu yake, na ulichofanya ni kuinua eneo la tope likaribie mizizi zaidi. Toboa matundu manne au matano kwa msumari uliopashwa moto, weka kisahani chini, na chungu kiwe cha kupandia. Au kitumie kama ganda la nje na uchomeke ndani yake chungu kingine chenye matundu. Hata hivyo uzito wake haubadiliki: plastiki nyembamba yenye makumbi makavu haiwezi kubeba bua la nusu mita lenye maua manne, kila moja likiwa na upana wa sentimita 15 au zaidi. Chungu cha udongo wa kufinyanga ndilo badiliko linalostahili kuliko yote.

Kuhusu kipenyo, gawanya mzingo kwa tatu na ushee. Tunguu la sentimita 34 lina kipenyo cha karibu sentimita 11. Ukiacha sentimita 2 hadi 3 kila upande unapata chungu cha 15 hadi 17. Kikubwa zaidi ya hapo hubeba udongo mwingi usio na mizizi, nao hukaa umelowa wiki nzima. Kina kisipungue sentimita 15, kwa maana mizizi ya amarilisi hushuka chini zaidi kuliko kutanda.

Kupanda na kusubiri

Simamisha tunguu ili theluthi moja hadi nusu yake ibaki juu ya udongo. Shindilia kwa vidole pembeni, si kwa kulisukuma tunguu lenyewe, kwani mizizi iliyobaki huvunjika kama tambi mbichi. Mwagia mililita 150 hivi kuzunguka ukingo wa chungu. Shingo isiguswe na maji, leo wala siku nyingine.

Baada ya hapo, acha. Hapa ndipo matunguu mengi huuawa, na huuawa kwa huruma. Tunguu lisilo na mizizi halinywi, kwa hiyo maji unayoongeza kila siku yanakaa tu yakisubiri kuvu. Usimwagie tena hadi chipukizi lifikie sentimita 5, isipokuwa udongo umekauka kabisa hadi katikati. Joto la nyuzi 20 hadi 22 za Selsiasi linatosha, na likitoka chini mizizi huanza mapema. Rafu iliyo juu ya hita, lakini si kukalia hita yenyewe, inafaa kwa wiki mbili za mwanzo.

Chipukizi la kwanza huwachanganya wengi. Likiwa bapa na nyembamba mwishoni, ni jani. Likiwa limevimba, lina ncha butu iliyopasuka kidogo kama mdomo wa kasuku, ni tumba. Majani yakitangulia usikate tamaa mapema: bua linaweza kuchungulia pembeni wiki tatu baadaye.

Tangu kupanda hadi kuchanua hesabu wiki 6 hadi 10. Anayetaka maua Desemba aulize tunguu lilikolimwa. Yaliyotoka kusini mwa ikweta, kama Afrika Kusini au Peru, misimu yake imegeuka, hivyo huwa yameshapumzika na huchanua mapema. Ya Uholanzi huwa tayari zaidi kuanzia Januari. Ukinunua mawili ya kila upande na kuyapanda siku moja, utapata maua kwa mfululizo.

Kulifanya lisimame

Bua refu, legevu, linalolala kwenye pazia husababishwa na mambo mawili yakiwa pamoja: joto jingi na mwanga haba. Kosa lenyewe ni kuliacha pale palipolianzisha. Joto la 21 linafaa kabla ya chipukizi. Likishatoka, na hasa bua likifika sentimita 10, lihamishie kwenye dirisha lenye mwanga kuliko yote na joto la 16 hadi 18. Litakua polepole zaidi, litakuwa fupi, nene, na lenye kijani kilichokolea. Usiku lisibaki katikati ya pazia na kioo, maana baridi ya pale hulemaza tumba.

Bua hufuata mwanga kwa kasi ya kushangaza; siku mbili zinatosha kulipinda. Geuza chungu robo mzunguko kila siku, kwa mwelekeo uleule. Ukisahau wiki nzima usijaribu kulinyoosha kwa mkono. Ligeuze liangalie ndani, na mwanga utafanya kazi hiyo.

Kijiti kichomekwe siku ya kupanda, kabla mizizi haijatanda. Kikichomekwa bua likishaanza kuinama, kitatoboa mizizi, na pengine tunguu lenyewe. Funga kwa uzi laini wa pamba kwa umbo la nane, uachie nafasi ya kidole. Waya mwembamba hulikata bua, kwani ndani lina uwazi kama mwanzi na ukuta wake ni maji matupu.

Wakati wa kukua, mwagia udongo ukiwa mkavu hadi kina cha kiungo cha kwanza cha kidole, mililita 100 hivi kwa chungu cha sentimita 15, na kisahani kisibaki na maji. Ua la kwanza likifunguka, punguza joto hadi 15 au 16 ukiweza. Ng'oa vifuko vya chavua kabla havijapasuka: ua hudumu zaidi na petali hazichafuki. Kila ua hukaa karibu wiki moja, na bua zima wiki mbili hivi.

Bua lililovunjika si hasara. Likate sawasawa, ligeuze juu chini, jaza maji kwenye uwazi wake, ziba kwa pamba, kisha funga mpira mwembamba sentimita moja kutoka mwisho. Bila huo mpira ukuta wa bua hupasuka na kujikunja nje kama kucha za paka. Kwenye chombo cha maua hudumu karibu sawa na lililo chunguni.

La nta

Tunguu la nta limekatwa mizizi, mara nyingi pamoja na sehemu ya kitako, likachovywa kwenye nta na kuwekewa waya wa kulisimamisha. Halihitaji udongo wala maji. Linachanua kwa akiba yake, na kwa kazi hiyo hatuna lawama: kwenye meza ya ofisi yenye joto la 18 hadi 20 na mwanga wa kutosha hufanya lilichoahidi. Kasoro yake ni uthabiti. Bua likirefuka, ule waya hautoshi, na kitu kizima huegemea upande mmoja, kisha chali. Liweke ndani ya bakuli zito lenye mchanga mkavu.

Je, linaokoleka? Mara chache. Maua yakiisha, pasua nta kwa kisu butu na uitoe vipande vipande. Kama kitako kipo, kigumu, chenye duara kamili, lipande kama tunguu jingine lolote. Kama mahali pake pana tundu la waya na nyama nyeupe iliyosinyaa, mizizi haina pa kutokea. Mabango yanayodai kwamba litachanua mwaka hadi mwaka hayafai kuaminiwa.

Yanayoharibika

Madoa mekundu kama michirizi ya kutu kwenye magamba, majani au bua ni ya kuvu Stagonosporopsis curtisii. Bua lililoshikwa hupinda kuelekea kwenye doa. Lakini usichanganye: amarilisi pia hutoa wekundu popote ilipokwaruzwa. Doa la jeraha ni kavu na halisogei. La kuvu hutanuka, likazama katikati. Kata sehemu iliyoathirika kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti, acha pakauke siku mbili, na kuanzia hapo usiloweshe majani.

Vijidudu vidogo vyeusi vinavyoruka ukigusa udongo ni usubi wa udongo uliolowa. Dawa yake ni kuacha sentimita tatu za juu zikauke. Utitiri wa matunguu ni jambo jingine: ukiona unga wa kahawia kati ya magamba na vitu vidogo vyeupe vinavyotambaa taratibu karibu na kitako laini, tupa tunguu na udongo wake.

Majani bila ua, mwaka wa kwanza, maana yake tunguu lilikuwa dogo au lilihifadhiwa vibaya. Mwaka wa pili, kosa ni la mlezi.

Huo mwaka wa pili ndio unaolitenga tunguu tupu na mengine. Maua yakinyauka kata bua sentimita 5 juu ya shingo. Litatoa maji mengi, usishtuke. Majani yasiguswe. Hamishia kwenye udongo wenye rutuba kama lilikuwa kwenye makumbi matupu, bila kuvuruga mizizi, na lipe mbolea ya maji yenye potasiamu ya kutosha, kwa nusu ya kipimo, kila wiki mbili kwa miezi mitano au sita. Hesabu majani: manane yaliyostawi yanaashiria mabua mawili huko mbele. Kisha acha kumwagia, majani yajikaushe, na uliweke mahali pakavu pa nyuzi 10 hadi 13 kwa wiki 8 hadi 10. Usiliweke karibu na matunda yanayoiva. Kubadilisha chungu ni kila miaka mitatu; mizizi yake haipendi kusumbuliwa. Na kama kuna paka au mbwa mtafunaji, tunguu liwe juu asipofika, kwa sababu lina sumu ya likorini, inayotapisha.

Seti nyingine kwenye rafu hiyohiyo

Narsisi nyeupe ya kokoto, Narcissus papyraceus, haihitaji baridi na huchanua ndani ya wiki 3 hadi 5. Maji yaguse kitako tu, yasipande juu. Ugonjwa wake ni kurefuka na kuanguka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani walionyesha mwaka 2006 kwamba kileo kwenye maji hufupisha mabua kwa karibu theluthi bila kudhuru maua. Subiri mizizi itoke na chipukizi lifike sentimita 3 hadi 5, mwaga maji, weka mchanganyiko wa sehemu moja ya pombe kali ya asilimia 40 kwa saba za maji. Bia na mvinyo zina sukari na huharibu. Kileo kikizidi asilimia 10 ya mchanganyiko, unadhuru mmea.

Hayasinti, ua jingine la tunguu, ikioteshwa kwenye gilasi ya maji ina kikwazo kimoja: bila wiki 10 hadi 13 za baridi ya nyuzi 5 hadi 9, huchanua chini kabisa, imebanwa kati ya majani. Uliza kama imeshaandaliwa kwa kuchanua mapema. Hata hiyo hukaa gizani kwenye ubaridi hadi mizizi iguse chini ya gilasi na chipukizi lifike sentimita 5 hivi. Kati ya kitako na maji acha nafasi ya milimita 5, na uvae glovu, maana magamba yake huwasha ngozi.